Mawe ya figo na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) "isiyoisha": maswali ya wagonjwa wetu wa Mbeya

Maswali haya tunayasikia kila siku kwa wagonjwa wa nje, kutoka Uyole, Mbalizi hadi Tukuyu. Wengi wanatufikia baada ya kuzunguka kwanza kwenye maduka ya dawa.

Mawe ya figo ni nini?
Ni madini ya kwenye mkojo, mara nyingi kalsiamu, yanayoganda mkojo unapokuwa mzito. Jiwe likikaa figoni unaweza usijue lolote. Likishuka kwenye mrija wa kwenda kibofu, ubavu unauma ghafla, maumivu yanashuka hadi kinenani, yanapoa, yanarudi. Mtu anatapika, pengine anakojoa damu, na hatulii: anakaa, anasimama, anajikunja. Msikimbilie kusema ni ngiri au chango.

Huku kwetu ni baridi, jasho hatutoki. Mawe yanatoka wapi?
Baridi yenyewe inachangia, kwa sababu inaondoa kiu. Julai mtu anakunywa kikombe cha chai alfajiri, anashinda kwenye viazi hadi jioni, maji hajagusa. Madereva wa barabara ya Tunduma nao hawanywi makusudi ili wasisimame njiani. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi. Mwenye historia ya mawe anatakiwa anywe hadi akojoe kama lita 2 na nusu kwa siku. Maji ya baridi yakikushinda, kunywa ya uvuguvugu. Punguza chumvi. Maziwa usiyaache, hayana kosa.

Nina UTI sugu. Nimemeza dawa zote, mbona haiishi?
Ulipima mkojo? Hapo ndipo kimya kinapoingia. Mama mmoja alifungua bahasha ya kaki mezani: vidonge viwili vya njano, kapsuli tatu nyekundu na nyeusi, hakuna jina, hakuna maelezo ya dozi. "Hizi ndizo zinazonisaidia, daktari." Zinamsaidia siku tatu, anaziacha, mwezi ujao ananunua tena. Hivyo ndivyo vimelea vinavyozoea dawa. UTI inayorudi inahitaji mkojo uoteshwe, yaani vimelea vyake vikuzwe maabara, ili ijulikane dawa gani inaua kimelea kipi. Inahitaji pia altrasaundi na kipimo cha sukari, na kwa baba mtu mzima, tezi dume iangaliwe. Jiwe linaweza kuwa maficho ya bakteria. Likibaki humo, utameza dawa hadi uchoke.

Nina homa, natetemeka, ubavu unauma. Ninunue dawa nisubiri kesho?
Hapana. Hospitali leo, hata kama ni usiku. Homa ikiungana na maumivu ya ubavu, huenda figo imeambukizwa. Kama kuna jiwe limeziba, mkojo wenye vimelea unakwama juu yake na bakteria wanaingia kwenye damu. Hapo kidonge peke yake hakitoshi, lazima njia ya mkojo ifunguliwe haraka. Na tafadhali, usijitibu malaria kwanza kwa kubahatisha.

Nikimeza diklofenaki homa ikashuka je?
Bado ni hospitali leo. Dawa hiyo inatuliza maumivu na kushusha homa, haizibui chochote, na kwa figo iliyoelemewa inaweza kuongeza madhara.

Lakini maumivu yameisha kabisa!
Bado. Jiwe linaweza kuwa limeziba palepale, wewe huna maumivu na figo inaharibika. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye figo moja au ambaye mkojo umekata asisubiri hata homa. Ninarudia jibu lilelile kwa sababu tunaendelea kupokea watu siku ya nne, wamebebwa.

Mawe yanatibiwaje? Kuna mizizi ya kuyayeyusha?
Mawe ya kalsiamu hayayeyuki kwa mizizi, wala kwa unga wa kwenye chupa unaouzwa stendi. Yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, mgonjwa akipewa dawa ya maumivu na kufuatiliwa. Kojoa kwenye chujio, ukilipata jiwe lilete lipimwe. Makubwa huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili au kutolewa kwa kifaa chenye kamera, mengine kwa upasuaji.

Yakitoka yanarudi?
Ndiyo. Karibu nusu ya waliowahi kuyapata huyapata tena ndani ya miaka 10, hasa wakirudia kutokunywa maji. Limau kwenye maji linasaidia kiasi.

Niliwekewa mrija wa ndani, wa kutoka figoni hadi kibofu, sasa sisikii maumivu. Lazima nirudi?
Lazima. Mrija ule ni wa muda. Ukiachwa, mawe yanaganda juu yake, na kuutoa kunakuwa kazi kubwa kuliko jiwe la mwanzo. Tarehe imeandikwa kwenye karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kama umeipoteza, njoo bila hiyo karatasi, na msimu wa kuvuna usiwe sababu.