Kisafisha hewa cha chumba au chujio la nyumba nzima? Anza na nyumba yenyewe

Tangu Juni 2023, moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Quebec uliposhuka hadi New York na kuigeuza mbingu rangi ya chungwa, kila kiangazi tunaulizwa swali lile lile na familia zinazozungumza Kiswahili huku Marekani na Kanada. Je, ninunue mashine ndogo ya kusafisha hewa niiweke chumbani, au nimlipe fundi aniwekee chujio la nyumba nzima? Wengi wanaouliza wana mtoto mwenye pumu au mzee mwenye ugonjwa wa moyo, na fedha walizo nazo zinatosha kitu kimoja tu. Kwa hiyo uamuzi huu una uzito, na matangazo ya dukani hayawasaidii.

Kabla ya kutazama bei, tazama jinsi nyumba yako inavyopashwa joto wakati wa baridi. Ikiwa hewa ya moto inapulizwa kupitia matundu yenye wavu sakafuni, ukutani au darini, una mfumo wa mabomba ya hewa, na mara nyingi kiyoyozi cha kiangazi hutumia mabomba hayo hayo. Ikiwa joto linatoka kwenye radieta ya chuma au kwenye zile hita ndefu za umeme zinazokaa chini ya ukuta, mabomba hakuna, na chujio la nyumba nzima halikuhusu, hata muuzaji alisifie vipi. Apatimenti nyingi za zamani ziko hivyo. Kwa wakazi wake, jibu ni kisafisha hewa cha chumba.

Chujio ambalo tayari unalo

Wenye mabomba wengi hushangaa wakiambiwa kwamba chujio la nyumba nzima tayari wanalo. Linakaa kando ya tanuru la kupashia joto, au nyuma ya wavu mkubwa unaovuta hewa: fremu ya kadibodi, kwa kawaida ya unene wa inchi 1. Ukilivuta ukakuta nyuzi nyepesi za kioo ambazo mwanga unapenya bila shida, ujue limewekwa kuikinga mashine isijae manyoya na vumbi nene. Moshi unapita humo kana kwamba hakuna kitu.

Ubora wa machujio haya hupimwa kwa kipimo kiitwacho MERV, kuanzia 1 hadi 16. Baadhi ya maduka huandika namba zao wenyewe kwa maandishi makubwa. Wewe tafuta MERV, hata kama imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Chujio la MERV 8 linatosha kwa vumbi la kawaida na sehemu kubwa ya chavua. Lakini chembe nyingi za moshi hazifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na chujio halihitaji kukamata hata moja ya hizo ili lipewe daraja la MERV 8. Lile la MERV 13 ni lazima likamate angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, na angalau asilimia 85 ya zile za mikroni 1 hadi 3, kila hewa inapopita. Kwa kuwa hewa ile ile hupita tena na tena, nusu hiyo si haba. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, hushauri MERV 13, au daraja la juu kabisa ambalo mashine yako inaweza kulihimili.

Hapo kwenye kuhimili ndipo watu huharibu. Chujio zito huizuia hewa kidogo, na feni ya mfumo wa zamani inaweza kulemewa: wakati wa baridi tanuru likapata joto kupita kiasi na kujizima, wakati wa joto koili ya kiyoyozi ikaganda barafu. Mwulize fundi anapokuja kufanya matengenezo ya mwaka. Akisema MERV 13 ya inchi 1 itaubana mfumo, chukua MERV 11, au mwulize gharama ya kubadilisha kisanduku ili kiingie chujio la inchi 4 au 5, ambalo lina karatasi nyingi zaidi zilizokunjwa ndani na hupitisha hewa kwa urahisi. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba chujio ni la saizi gani na lilibadilishwa lini. Una haki ya kuuliza hivyo, na mara nyingine atakubali ubadilishe mwenyewe.

Kulibadilisha hakuhitaji ufundi. Mshale ulioandikwa kwenye fremu uelekee kule hewa inakokwenda, yaani upande wa tanuru, na kusiwe na mwanya pembeni, maana hewa hufuata njia rahisi na itapita kando ya chujio bila kusafishwa. La inchi 1 likague kila mwezi na usilipitishe miezi 3. Msimu wa moshi linaweza kuwa jeusi ndani ya wiki chache.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji: chujio la nyumba nzima hufanya kazi feni inapozunguka tu. Themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto la nyumba, ikiwa kwenye hali ya kujiendesha, feni huwaka pale tu nyumba inapohitaji joto au baridi, na EPA hueleza kwamba kwa kawaida mifumo ya majumbani hufanya kazi chini ya robo ya muda. Siku ya Juni yenye moshi lakini isiyo na joto kali, chujio zuri linaweza kukaa saa nyingi bila kuguswa na hewa. Siku kama hiyo, nenda kwenye themostati usogeze kitufe cha feni kwenye hali ya kuwaka muda wote. Umeme utaongezeka. Feni ya zamani inayokula wati 500 ikizunguka saa 24 hutumia uniti 12, ilhali mashine ya chumba ya wati 50 hutumia uniti 1.2. Ndiyo maana siwashauri watu kuiwasha hivyo mwaka mzima.

Mashine ya chumba

Kisafisha hewa cha chumba kina faida moja kubwa: kinasafisha hewa ya mahali ulipo. Mtu hulala saa saba au nane katika chumba kimoja, na mlango ukifungwa, mashine ya kiasi cha kutosha inaweza kushusha moshi humo zaidi kuliko chujio la nyumba nzima linavyoweza kushusha katika vyumba vyote. Nzuri hutumia chujio la HEPA, linalokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Jihadhari na boksi lililoandikwa kwamba chujio lake ni la “aina ya HEPA”. Maneno hayo hayana kipimo chochote nyuma yake.

Hata HEPA halisi haitoshi kama feni ni dhaifu. Namba ya kutafuta ni CADR, inayoonyesha kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa kwa dakika, na kwenye boksi huandikwa mara tatu: ya moshi, ya vumbi na ya chavua. Soma ya moshi. Chukua eneo la chumba kwa futi za mraba. CADR isipungue theluthi mbili ya namba hiyo. Chumba cha futi 10 kwa 15 kina futi za mraba 150, kwa hiyo kinataka CADR ya 100, na dari ikiwa ya futi 8 hewa yote itasafishwa mara 5 kwa saa. Unapokaa mahali panapofikiwa na moshi wa misitu, chukua CADR inayolingana na eneo lenyewe, yaani 150. Na kumbuka kwamba namba hiyo hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Ukijua utaiteremsha usiku kwa sababu ya kelele, nunua kubwa kuliko unavyohitaji.

Uliza bei ya chujio la kubadilisha kabla ya kununua mashine. Kuna mashine za bei rahisi ambazo machujio yao ya mwaka mmoja yanakaribia bei ya mashine yenyewe. Zile zinazojitangaza kwa gesi ya ozoni ziache dukani: ozoni huwasha mapafu, na California imeweka kikomo cha sehemu 0.050 za ozoni kwa kila sehemu milioni za hewa kwa vifaa vya kusafisha hewa ya ndani vinavyouzwa humo. Orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa na jimbo hilo iko wazi kwa kila mtu, na ni msaada hata kwako unayeishi Texas au Maine.

Asiye na uwezo wa kununua anaweza kutengeneza. Mwaka 2020 mhandisi Richard Corsi na Jim Rosenthal, mtengenezaji wa machujio, walibuni sanduku la machujio manne ya MERV 13 yenye upana wa inchi 20, yaliyoungwa kwa gundi ya utepe, kadibodi chini, na feni ya mraba juu. Linafanya kazi vizuri. Tumia feni iliyotengenezwa mwaka 2012 au baadaye, kwa sababu ya usalama wa moto, na usiiache ikiwaka peke yake.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye mabomba aanze na chujio la MERV 13, kwa sababu ndiyo hatua ya bei ndogo zaidi, kisha fedha zikipatikana aongeze mashine moja katika chumba cha mgonjwa. Mpangaji asiye na mabomba anunue mashine moja nzuri ya chumba cha kulala badala ya tatu dhaifu. Mifumo ya kielektroniki ya nyumba nzima inayouzwa kwa maelfu ya dola, kwa familia nyingi naiona haina haja.

Lakini chanzo kikiwa ndani, mashine itakuwa inakimbizana nacho. Nyumba zetu zina udi na ubani, na chetezo kimoja katika sebule iliyofungwa hutoa chembe nyingi za aina ile ile tunayoikimbia nje. Siwaambii watu waache mila zao. Fukiza kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi siku isiyo na moshi nje, na mwenye pumu akiwa chumba kingine. Jikoni, angalia kama feni ya juu ya jiko inatoa hewa nje kweli. Nyingi huizungusha na kuirudisha jikoni.

Tena kuna vitu ambavyo HEPA na MERV havivigusi kabisa, kwa kuwa ni gesi. Harufu na kemikali za rangi mpya huhitaji kaboni amilifu nyingi, yaani mkaa maalumu unaonasa gesi, si ule utando mwembamba mweusi wa kwenye mashine ndogo. Radoni, inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu, hupimwa kwa kifaa cha bei nafuu na kuondolewa kwa bomba na feni inayoivuta toka chini ya sakafu. Kaboni monoksidi haina harufu na huua usingizini: umeme ukikatika wakati wa baridi, usiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika chache, na weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, hata kama una kisafisha hewa bora kuliko vyote.