Mtoto njiti na hewa iliyovuja ndani ya pafu

Mama mmoja wa Tukuyu aliniuliza maswali haya huku mwanawe, aliyezaliwa na wiki 28, akiwa wodi ya watoto wachanga jijini Mbeya.

Daktari anasema hewa imevuja ndani ya pafu. Kwani pafu si la hewa?

Ni la hewa, mama, ila hewa ina mahali pake: vifuko vidogo mno ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Njiti huwa hajatengeneza vya kutosha ute unaovisaidia vifuko kutanuka, hivyo vinanata. Mashine ya kupumulia inabidi isukume, na vingine vikizidiwa hupasuka. Hewa huingia kwenye nyama ya pafu, hufuata kandokando ya mishipa ya damu na kuibana pamoja na vifuko vizima. Ndipo oksijeni inapopungua mwilini.

Nilibeba mikungu ya ndizi hadi wiki ya mwisho. Ni mimi?

Hapana. Mtoto wa tumboni bado havuti hewa. Hakuna mzigo ungeweza kuivujisha. Naomba uliondoe hilo moyoni.

Hatari iko wapi?

Hewa ikitoboa hadi nje ya pafu, hukusanyika kati ya pafu na mbavu, pafu likasinyaa na moyo ukasukumwa upande. Mtoto hubadilika ghafla: midomo ya bluu, upande mmoja wa kifua haupandi vizuri. Utaona taa zinazimwa na tochi kali inawekwa ubavuni. Upande uliojaa hewa hung'aa kuliko mwenzake. Hapo zinahesabiwa dakika. Hewa hutolewa kwa sindano, kisha huwekwa mrija unaoishia kwenye chupa ya maji. Viputo vikipanda majini usishtuke, ndiyo hewa inatoka.

Na ikibaki ndani ya pafu?

Nguvu ya mashine hupunguzwa. Kama ni pafu moja, mtoto anaweza kulazwa kwa ubavu huohuo ili lipumzike. Mara nyingi mwili huifyonza hewa hiyo kwa siku kadhaa, ingawa wapo wanaokaa na oksijeni kwa miezi.

Mdogo wangu ni mjamzito, tena anaishi mbali, Makete.

Dalili za uchungu zikianza kabla ya wiki 34, aende hospitali saa hiyohiyo. Kuna sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikipata kama saa 24 kabla hajazaliwa. Asisubiri basi la asubuhi.