Mechi isiyo ya renki nayo ina adhabu ukitoka

Kwenye gemu za mtandaoni, wengi bado wanaamini eti mechi isiyo ya renki (isiyopandisha wala kushusha daraja lako) unaingia na kutoka unavyojisikia, adhabu ni za watu wa renki. Sio kweli jamani. Chukua gemu ya Dota 2, hata mechi ya kawaida ukikaa nje zaidi ya dakika 5 inahesabika umeitelekeza, ukizoea hivyo unatupwa foleni ya watoro, huko unacheza Single Draft tu (unachagua shujaa kati ya wachache unaopewa) na hutoki mpaka ushinde mechi ulizopangiwa, yaani ushinde, sio ucheze tu, na timu yenyewe ndo watoro wenzako. Raha hiyo!

Gemu ya League of Legends nako hata ukitoka ARAM (mechi za njia moja, wahusika unapangiwa kwa bahati) inahesabika, adhabu yake unabonyeza kutafuta mechi halafu unasubirishwa kwanza, na marafiki ulioingia nao wanasubiri na wewe wakati hawana kosa.

Umeme kukatika sio utetezi, mfumo hauoni umeme, unaona tu haupo, so washa data ya simu urudi fasta. Ila kwenye Dota mwenzako akishatelekeza mechi, gemu ikaandika ni salama kutoka, hapo ondoka tu.