"Sikumwona": Gari Linapochomoza Mbele ya Pikipiki

Dereva wa gari dogo ametoka barabara ya mtaani na kusimama kwenye mdomo wa barabara kuu. Ametazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia, na baada ya kujiridhisha kwamba njia ni nyeupe ameondoa gari. Sekunde mbili baadaye pikipiki imejikita kwenye mlango wa mbele, mwendeshaji ametupwa upande wa pili wa boneti, na neno la kwanza linalomtoka dereva mbele ya askari wa usalama barabarani ni "sikumwona". Watu waliokusanyika hawamwamini, kwa kuwa mchana ulikuwa mweupe na pikipiki ilikuwa mbele ya macho yake. Sisi tunaofundisha madereva tumezoea kumwamini, ingawa kumwamini hakumwondolei wajibu wake kisheria: anayeingia barabara kuu ndiye anayepaswa kusubiri.

Ajali ya namna hii imechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles, ambazo yeye na wenzake walizifuata palepale zilipotokea. Katika ajali zilizohusisha chombo kingine, takribani theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingia katika njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Baadaye utafiti wa MAIDS, uliochambua ajali 921 katika nchi tano za Ulaya, ulionyesha kwamba pale kosa lilipokuwa la dereva wa gari, zaidi ya asilimia 70 ya makosa hayo yalikuwa ya kutoitambua pikipiki.

Inakuwaje mtu atazame na asione? Jibu la kwanza limo katika jicho lenyewe. Tunapogeuza macho kutoka kulia kwenda kushoto, jicho halitelezi juu ya mandhari bali huruka kutoka kituo kimoja hadi kingine, na wakati wa mruko ubongo huzima picha ili tusipate kizunguzungu. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia. Hutaona macho yako yakisogea hata mara moja, ilhali mtu aliye kando yako ataona waziwazi. Gari, kwa upana wake, ni vigumu lipotee lote kati ya vituo viwili vya jicho. Pikipiki iliyo mbali ni nyembamba kiasi cha kupotea, na ubongo hujaza pengo hilo kwa picha ya lami tupu.

Jibu la pili limo katika gari. Magari yetu yana usukani kulia na tunaendesha kushoto, kwa hiyo chombo cha kwanza kumfikia dereva anayechomoza hutoka upande wake wa kulia, na huko ndiko iliko nguzo ya kioo cha mbele iliyo karibu zaidi na uso wake. Nguzo yenye upana wa sentimita 10 inatosha kuficha pikipiki na mwendeshaji wake walio umbali wa mita 30. Ubaya wake ni kwamba gari likisogea taratibu huku pikipiki nayo ikija, vyote viwili vinaweza kwenda sambamba kiasi kwamba pikipiki inabaki nyuma ya nguzo hadi dakika ya mwisho. Dawa ni kusogeza kiwiliwili chote mbele na nyuma kabla ya kuondoka, kwani kugeuza shingo peke yake hakuiondoi nguzo. Anayebandika vioo vya giza na kuning'iniza mapambo kwenye kioo cha mbele anajiongezea nguzo nyingine kwa fedha yake mwenyewe.

Hata pikipiki ikionekana, bado kuna hesabu ya umbali. Kitu kidogo hukadiriwa kuwa mbali zaidi na kuja polepole zaidi kuliko kilivyo. Pikipiki iliyo mita 60, ikienda kilomita 60 kwa saa, hufika baada ya sekunde 3.6. Gari dogo linaloanza kutoka likiwa limesimama huhitaji sekunde tatu hadi nne kuvuka njia hiyo moja, na dereva akisitasita kukanyaga mafuta, nafasi imekwisha.

Katika miji yetu kuna sura nyingine ya ajali hii ambayo mafunzo mengi huipita haraka, nami naona ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Foleni imesimama. Dereva wa daladala, kwa uungwana, anaacha mwanya na kumwashia taa dereva anayetoka mtaani. Huyu anashukuru kwa mkono na kuchomoza haraka ili asimcheleweshe aliyempa njia. Wakati huohuo bodaboda inapita kando ya foleni, mwendeshaji akiwa hana habari kwamba mbele ya daladala kuna gari linavuka, kwa sababu ubavu wa daladala umemziba. Taa ya daladala ilisema kwamba daladala inasubiri. Haikusema neno lolote kuhusu vyombo vingine, na mwenye daladala mwenyewe huenda hakuangalia kioo chake cha pembeni. Tena kwetu taa hiyohiyo humaanisha "pita" na humaanisha "kaa hapo, nakuja". Dereva aliyepewa njia apite mbele ya daladala hatua kwa hatua, asimamishe pua ya gari mwisho wa ubavu wa daladala, achungulie, ndipo aendelee. Mwendesha pikipiki naye akiona daladala imeacha mwanya mbele yake bila sababu, ahesabu kwamba kuna gari ndani ya mwanya huo mpaka athibitishe vinginevyo.

Waendesha bodaboda huniambia kwamba wao humtazama dereva machoni, na wakishaona ametazama upande wao huendelea. Kwa yaliyoelezwa hapo juu, macho ya dereva si ushahidi. Tazama gurudumu la mbele la gari: huanza kuzunguka kabla bodi haijaonekana kusogea, nalo halina la kuficha.

Mwendo ndio ulio mikononi mwa mwendeshaji kuliko kitu kingine chochote. Tuchukue waendeshaji wawili wenye breki nzuri kwenye lami kavu, mmoja akienda kilomita 50 kwa saa na mwingine 60, kila mmoja akitumia sekunde moja kushtuka na kushika breki. Wa kwanza atasimama baada ya takribani mita 28. Mahali hapohapo aliposimama, wa pili bado atakuwa anakwenda karibu kilomita 40 kwa saa. Tofauti ya kilomita 10 kwenye kipima mwendo imegeuka kuwa tofauti kati ya kushtuka na kuvunjika paja.

Breki nayo ina imani potofu inayopitishwa kijiweni kutoka kwa mkongwe hadi kwa mwanafunzi, kwamba breki ya mbele hupindua pikipiki na isiguswe. Ukweli ni kwamba uzito mwingi hukimbilia mbele pikipiki inapopunguza mwendo, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Kinachoangusha ni kuibana kwa ghafla. Ibanwe kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua, pamoja na ya nyuma, na hili lifanyiwe mazoezi uwanjani hadi mkono uzoee, kwa sababu Hurt alikuta kwamba mtu aliyeshtuka hukanyaga mno ya nyuma, ya mbele akaibana kidogo tu, na kuserereka.

Kuonekana nako kumepimwa. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 uliwakuta waliovaa reflekta na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37, waliowasha taa mchana kwa asilimia 27, na wenye helmeti nyeupe kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wenye nyeusi. Reflekta iliyofunikwa na begi la mgongoni haihesabiki.

Ajali ikishatokea, piga namba ya dharura 112 na mzuie mtu yeyote anayetaka kumkalisha majeruhi, kumnywesha maji au kumvua helmeti. Helmeti hutolewa tu ikiwa hapumui au njia ya hewa imeziba, na hapo watu wawili wanahitajika, mmoja akiwa ameshikilia kichwa na shingo visicheze. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa na kiganja bila kuachia. Wakati majeruhi anapelekwa hospitali, mwingine aende kituo cha polisi kufuatilia fomu ya PF3 (fomu ya polisi kwa matibabu ya aliyeumia), na anayebaki apige picha za vyombo vikiwa bado pale vilipogongana, kabla watu wenye nia njema hawajavisukuma pembeni.