Je, wajua kwa nini magugu ya mashambani Ireland yalikuwa pia dawa?

Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi nchini Ireland walitumwa kuwauliza wazee wao habari za maisha ya zamani na kuyaandika majibu. Waliuliza pia ni magugu gani yanayoharibu shamba na ni mimea gani inayotibu. Ajabu ni kwamba mmea mmoja uliweza kutajwa pande zote mbili.

Sababu ya kwanza ni mahali. Magugu hustawi penye udongo uliochimbuliwa, uliokanyagwa au uliorutubishwa kwa samadi, yaani kando ya nyumba na mazizi. Neantóg (hili na majina mengine ya mimea hapa ni ya Kiayalandi), mmea unaowasha ambao ni ndugu wa thabai wa nyanda za juu za Kenya, huota kwa wingi penye fosfeti, kirutubisho kinachobaki udongoni kutokana na samadi na taka, hata kwenye magofu ya nyumba zilizohamwa zamani. Kwa familia maskini iliyoishi mbali na daktari, dawa ilikuwa ile iliyo karibu na mlango. Neantóg ilichumwa ikiwa changa, ikachemshwa na kuliwa mara tatu mwezi Mei kwa imani kwamba husafisha damu. Imani hiyo haijathibitishwa, lakini majani yake yana madini ya chuma na vitamini C, na kwa watu waliomaliza majira ya baridi kwa viazi na maziwa, mboga ya kwanza ya mwaka haikuwa jambo dogo.

Sababu ya pili ni kemikali ambazo mmea hujilindia dhidi ya walao majani, kwani hizo hizo huweza kuugusa mwili wa binadamu. Majani ya slánlus, gugu lenye majani marefu membamba, yalitafunwa yakabandikwa kwenye jeraha ili damu ikome, na caisearbhán, gugu lenye maua ya manjano liitwalo dandelion kwa Kiingereza, ilitumiwa kuongeza mkojo. Kuhusu copóg, jani ambalo watoto hujisugulia wakiwashwa na neantóg, pengine ni ubaridi wa utomvu na msuguo wenyewe ndivyo vinavyotuliza.

Mgumu kuliko yote ni buachalán buí, wenye maua ya manjano, ambao sheria ya mwaka 1936 ilimtaka mwenye ardhi auangamize. Sumu yake huharibu ini la ng'ombe na farasi. Ukiwa mbichi wanyama huuepuka kwa uchungu wake, ila ukikauka ndani ya nyasi za akiba uchungu hupungua na sumu hubaki. Hata hivyo, ulibandikwa kwenye viungo vilivyovimba, juu ya ngozi tu.