Siti inayozama kwa kidole gumba

Karibu kila anayenijia akitaka siti ya safari ndefu huanza kwa kuibonyeza kwa kidole gumba. Ikizama, uso unang'aa. Mimi kazi yangu ni kushona na kuchonga siti za pikipiki, na kidole kile kikizama najua mwenye siti atarudi. Sponji inayokubali kidole haitabeba mwili. Dakika ishirini za mwanzo ni raha tupu, kisha inagandamana yote, na kuanzia hapo umekalia sahani ya plastiki iliyo chini yake.

Ukikaa wima, uzito hauenei makalio yote. Unabebwa hasa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikalia viganja vyako. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na siti hukosa damu ya kutosha, na ndipo unapoanza kujigeuzageuza. Siti ya masafa marefu huizuia mifupa hiyo isizame mno, ikahamishia sehemu ya uzito kwenye nyama inayoizunguka na kwenye mapaja. Watengenezaji wa siti Corbin, wa California, wanajulikana kwa siti ngumu zilizochongwa kufuata umbo la mwili. Watengenezaji wengine, Russell, kwenye siti yao ya Day-Long, waliongeza mabawa mapana pembeni ili mapaja nayo yabebe. Ukizikalia kwa mara ya kwanza zote mbili zinashangaza, maana mtu hutarajia godoro.

Kabla ya kununua chochote, pima mifupa yako. Chukua kipande cha boksi la katoni, kiweke juu ya kiti kigumu, kikalie kwa dakika moja ukiwa umeinama kidogo, kisha inuka. Utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Sehemu bapa ya siti lazima izidi umbali huo kulia na kushoto, la sivyo mfupa utakaa ukingoni, pale siti inapoanza kuteremka, na hakuna sponji itakayokuokoa. Usijikadirie kwa macho: kuna watu wembamba wenye nyonga pana kuliko wanene.

Halafu niambie unaumia wapi, maana mahali pa maumivu panasema mengi kuliko bei ya siti. Yakiwa kwenye ile mifupa miwili, sponji ni laini mno au imechakaa. Yakiwa kwenye kifandugu, umekaa ukijiegemeza nyuma, mara nyingi kwa sababu vikanyagio viko mbele mno. Ganzi kwenye msamba ni dalili kwamba siti inakuteremsha kuelekea tangi, nawe unajisukuma nyuma kwa mikono kila mara. Ndiyo maana mabega na viganja vinauma pia. Hapo wengi hubadilisha siti bure. Angalia kwanza springi ya nyuma: ikiinuliwa kupita kiasi, pikipiki nzima inalala kwa mbele na siti nayo inafuata.

Umbo lililochimbwa kama bakuli huwavutia watu sana dukani. Linakukumbatia. Baada ya saa mbili kukumbatiwa huko kunageuka kifungo, kwa kuwa huwezi kusogea hata inchi moja mbele au nyuma, na kusogea ndiko kunakorudisha damu. Chama cha Iron Butt cha Marekani hutambua waendeshaji wanaomaliza maili 1,000, kama kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Kwa safari kama hiyo ningekushonea siti iliyo bapa kiasi, yenye nafasi ya kukaa mbele kidogo, kisha nyuma kidogo.

Upana nao una gharama yake. Siti pana mbele huyatanua mapaja, na miguu iliyotanuka haifiki chini vizuri hata kama kimo cha siti hakijabadilika. Kwa hiyo ipanuke nyuma, chini ya mifupa, na ibane karibu na tangi. Mwenye miguu mifupi asikubali vinginevyo.

Pedi ya jeli ndani ya siti husaidia kusambaza mgandamizo, ila pikipiki ikiachwa juani, jeli hiyo inashika joto na kulitunza. Ngozi ya kondoo juu ya siti hupunguza adha hiyo. Kuhusu kitambaa cha juu, vinili, yaani ngozi ya plastiki, huvumilia mvua, ngozi halisi hupumua vizuri zaidi lakini inadai matunzo. Mimi naangalia mishono kuliko vyote viwili: mshono usipite pale mfupa unapokaa. Hilo ni pamoja na mshono wa suruali yako.

Kama bado unasitasita, jaribu mto wa hewa wa kufunga juu ya siti uliyo nayo. Kosa la kawaida ni kuujaza ukakaza. Ujaze, ukae, kisha achia hewa polepole mpaka mwili ubaki umeinuliwa kidogo tu kutoka kwenye siti.

Safari yako ijayo, kwenye siti hiyohiyo ya zamani, angalia saa unapojigeuza kwa mara ya kwanza, na ukisimama andika saa hiyo na mahali palipouma. Fanya hivyo mara tatu. Ukija kwa fundi na karatasi hiyo pamoja na kile kipande cha boksi, ataanza kuchonga badala ya kubahatisha.