Abakasi si shanga, ni ubao

Juzi mtoto wa darasa la pili hapa Uyole alinisomea abakasi, kile kifaa cha kuhesabia chenye vijiti. Vizibo vitatu kwenye kijiti cha mamia, kijiti cha makumi kitupu, vizibo vinne kwenye mamoja. "Thelathini na nne, mwalimu." Nikamwomba aguse kila kijiti. Alipofika cha katikati kidole kikasita: "Hapa hamna kitu."

Kosa hilo nakutana nalo kila mwaka, na naamini linatokana na sisi walimu kutukuza shanga na vizibo. Jina lenyewe halizungumzii shanga hata kidogo. Tumelipata kwa Waingereza, wao wakalitoa kwenye Kilatini, abacus, nacho Kilatini kikalichukua kwa Wagiriki: abax, kibao bapa. Wapo wataalamu wa lugha wanaolirudisha nyuma zaidi, kwenye lugha za Kisemiti, kwa kuwa Kiebrania kina neno abaq, yaani vumbi. Hilo mimi halinipi shida kulikubali. Watu wa kale walitandaza vumbi au mchanga juu ya kibao, wakaandika kwa kidole, wakafuta, wakaanza upya. Njoo kwetu mwezi wa nane, uwanja umekauka, utawaona watoto wamechuchumaa wakifanya hivyohivyo.

Mwaka 1846 kisiwani Salamis, Ugiriki, kilipatikana kibao cha marumaru chenye urefu wa karibu sentimeta 149. Hakina waya wala shanga. Kina mistari iliyochongwa, na vijiwe vilipangwa juu yake. Kijiwe kwa Kilatini ni calculus, na ndiko Waingereza walikopata neno lao la kukokotoa.

Hata mafundi wa majengo wanalo neno abacus: bamba lililo juu kabisa ya kichwa cha nguzo, linalopokea boriti. Halihesabu chochote, ila ni bapa.

Shanga zenyewe hubadilika. Abakasi ya Wachina ina mbili juu na tano chini kila safu, ya Wajapani wa leo moja na nne. Kisichobadilika ni safu, kila moja na thamani yake.

Basi siku hizi naanza na ubao mtupu. Nachora mistari mitatu kwa chaki, tunaitaja mamia, makumi, mamoja, mfuko wa vizibo ukiwa bado umefungwa. Jana yule mtoto alipanga 304 mwenyewe, kisha akafunika nafasi ya katikati kwa kiganja, jirani yake asije akaweka kizibo.